Kwa Nini Blanketi la Harusi Huachwa na Vidoa Vyeupe

Chungu kimekwisha kuepuliwa, na sufu iliyomo ndani yake haitaki haraka. Ukiikoroga ingali moto, itashikana iwe ngumu kama kwato. Ukiitosa ghafla katika maji baridi, itanywea, na blanketi la mtu mzima litamtosha mwanakondoo. Basi tuiache ipoe kwa hiari yake. Sogeeni, mikono mapajani, asiguse mtu mfuniko. Nami nitawaeleza kwa nini uzi huu, tuliouhangaikia hivi ili uwe mwekundu, tumeukaza kwa kamba mahali pengi makusudi, utoke na vidoa vyeupe.

Hapo kale, milima hii ya Iponya haikujua kutia uzi rangi. Kondoo walikuwa weupe, weusi na wa rangi ya udongo, na watu walijifunika rangi hizo hizo. Kitu walichokijua kuliko vyote kilikuwa kufunga. Upepo wa huku, mnaujua wenyewe, hauombi ruhusa. Kwa hiyo mtoto wa kike alifundishwa kukaza fundo kabla hajafundishwa kupika: afunge mzigo wa kuni, afunge lango la zizi, afunge mapaa ya nyumba kwa kamba za magome mpaka yatulie kama yameota pale.

Ilikuwapo pia desturi kali. Siku ya harusi, upande wa bibi arusi ulipeleka blanketi lililofumwa na bibi arusi mwenyewe. Wakwe walilitandaza juani, wakalikagua uzi kwa uzi. Wakiona ila, walilikunja, wakalirudisha, na harusi ikangoja mpaka kondoo wanyolewe tena.

Basi alikuwapo msichana aliyeitwa Tusekile, aliyependana na kijana Ambilikile wa ng'ambo ya bonde. Walikuwa wamengojana muda mrefu, kwanza kwa sababu ya msiba, kisha kwa sababu ya njaa, na sasa siku ilikuwa imepangwa. Jambo moja tu liliwatia hofu: mkaguzi wa upande wa kijana alikuwa shangazi yake, Subilaga, mwanamke ambaye, watu walisema, angeweza kuona ila katika mwezi mpevu.

Asubuhi moja baada ya mvua, Tusekile alimwona mwanakondoo akitoka chemchemini na ubavu mwekundu. Alidhani ameumia. Akamshika, akampapasa, hakuona jeraha. Akaenda mahali mwanakondoo alipokuwa amelala, akakuta mmea utambaao, wenye majani ya kukwaruza, umekanyagwa hadi mizizi yake myekundu ikapasuka juu ya ule udongo mweupe unaokunja ulimi ukiuonja. Akamwosha mwanakondoo, wekundu haukutoka. Akamwosha tena, akaanza kucheka peke yake.

"Mama," alisema alipofika nyumbani, "blanketi langu litakuwa jekundu lote."

"Jekundu!" Mama yake aliacha kupepeta. "Mwanangu, Subilaga hutafuta ila hata katika nyeupe. Wewe unampelekea jekundu?"

"Asipate hata nyeupe ya kutafutia."

Mama akacheka, akamwazima chungu kikubwa.

Tusekile akachimba mizizi yote iliyokuwa pale chemchemini, akaitwanga. Akauchemsha uzi kwanza katika maji ya ule udongo, kisha katika maji ya mizizi, kwa moto mdogo usiotoa mapovu. Lakini kabla ya kuutosa aliupanga uzi katika mashada marefu, akayafunga kwa kamba za magome mahali pengi ili nyuzi zisitatane chunguni. Alifungaje? Alifunga kama binti wa Iponya. Aliweka goti juu ya shada, akavuta kwa mikono miwili, akauma ncha kwa meno, akakaza kama anayefunga paa.

Chungu kilipopoa, mashada yalitoka mekundu kama kifua cha ndege chozi, na majirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Kisha akaanza kufungua kamba. Chini ya kamba ya kwanza palikuwa na pete nyeupe. Chini ya kamba ya pili, vivyo hivyo. Popote alipokuwa amekaza, rangi ilikuwa imezuiwa mlangoni. Vigelegele vikafa. Mizizi ilikuwa imekwisha, sufu nyingine haikuwapo, na wakwe wangefika kesho kutwa.

"Nimejifungia harusi yangu nje kwa mikono yangu," alisema, na machozi yakamdondoka juu ya uzi.

"Machozi hayatoi rangi," alisema mama yake, akivuta kiti cha kufumia. "Keti. Fuma."

Akafuma, na mama na majirani wakimpangia nyuzi. Zile pete nyeupe zikatawanyika katika blanketi zima, huku moja, kule tatu, kama mvua ya mawe iliyoanguka juu ya udongo mwekundu. Kamba moja tu ilibaki haijafunguliwa. Tusekile aliivuta, akaing'ata, akaichokonoa kwa mwiba, ikakataa. Akaiacha ikining'inia kwenye matamvua.

Wakwe wakafika. Blanketi likatandazwa juani, na watu wote wakasogea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona sufu ya rangi ile. Shangazi Subilaga akapiga magoti. Akatazama kwa muda, kisha akainua kidole.

"Jamani, hiki nini? Na hiki? Na hiki? Blanketi lina ndui!"

Upande wa bwana arusi ukacheka. Ambilikile hakucheka. Alimtazama Tusekile, na Tusekile akatazama chini. Subilaga akashika pembe moja, akaanza kulikunja. Akakunja mara moja, na alipotaka kukunja tena, mkono wake ukagusa ile kamba iliyobaki.

"Na huu uchafu wa nini? Hata kamba hukutoa?"

"Shikamoo, shangazi," alisema Tusekile. "Hiyo imenishinda. Kila palipo peupe palikuwa na kamba kama hiyo. Nilikaza mno, rangi ikakosa pa kupitia. Hiyo ila ni yangu, siikatai. Lakini naomba, kabla hujakunja, unifungulie hiyo moja."

"Fundo tu hili?" Subilaga akavuta. Akavuta tena. Akalipeleka mdomoni, akang'ata, akatoa sauti ya mtu aliyekumbuka jino bovu. Akampa shemeji yake, mwanamume wa mikono mipana, naye akavuta, akahema, akalirudisha. Likazunguka upande wote wa wakwe, na kila aliyelipokea kwa dharau alilitoa kwa heshima.

Ndipo Ambilikile akasema, kwa upole, "Shangazi, lile paa letu lililoruka mpaka shambani kwa jirani, nani alilifunga?"

Kicheko kililipuka pande zote mbili, maana bonde zima lilijua. Subilaga mwenyewe ndiye aliyelifunga, na upepo ulipolichukua alilifuata akilitukana, ungo mkononi.

Watu wakangoja kuona kama atakasirika. Shangazi alilitazama fundo, akalitazama blanketi, akawatazama vijana wawili waliongojana katika msiba na njaa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalikunjua lile kunjo alilokunja, akasimama, akamfunika Tusekile mabegani, akaanza kuimba huku akigusa vidoa kimoja kimoja:

*Mfungaji katufunga, kwa uzi usofunguka,*
*Paa letu tulojenga, sasa halitaezuka;*
*Na mimi niliyepinga, nimekuja kutamka,*
*Weupe huu ni mwanga, nyumbani kwetu wawaka.*

Wakacheza mpaka vumbi likapanda juu ya mapaa. Na Subilaga, kabla ya kurudi kwake, alimvuta bibi arusi pembeni akamnong'oneza, "Mkamwana, langu ulifume mapema. Nalo usilinyime ndui."

Na tangu siku hiyo, hakuna bibi arusi wa Iponya anayepeleka blanketi jekundu tupu. Wakwe bado hulitandaza juani, lakini hawatafuti ila; huweka kidole juu ya kila kidoa, na kwa kila kidoa upande wa binti hupiga kigelegele. Kamba moja huachwa kwenye matamvua, na atakayeifungua huambiwa akafunge upya paa la wakwe.

Haya, gusa mbavu za chungu. Zimepoa? Basi funueni. Na wewe bibi arusi wetu, acha kutetemeka, shika shada la kwanza, ufungue tuone mkono wako ulikaza wapi.