Chaji ya Mlima Mmoja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayetafuna amalize kwanza, maana habari hii inataka masikio yote mawili. Nitawaeleza yaliyowapata watu watatu wa Kighonda, kijiji kilichojificha katika milima ya Upare. Kazi yangu ni kusimulia. Kuamua nawaachia ninyi.

Kighonda kiko chini kabisa ya bonde, kama punje ya mahindi iliyoanguka ndani ya bakuli. Ukitaka kutoka, uelekee unakotaka, lazima kwanza upande. Kurudi ni mteremko mtupu, hata usipokanyaga pedali utafika. Taabu ni kwenda.

Wa kwanza ni Mbonea, fundi wa redio na simu, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Kipaji chake kilikuwa kuona kisichoonekana. Alikuwa na multimita, kile kipimo cha umeme chenye kioo kidogo cha namba na nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Ungemletea kitu kilichokufa, angegusa hapa, angegusa pale, akakwambia ugonjwa ulipo kabla hujaketi. Yeye ndiye aliyekusanya betri za kompyuta zilizotupwa, akazipasua, akapima seli moja moja kwa majuma matatu, akachagua arobaini zilizokuwa bado hai. Akaziunga zikawa betri moja.

Wa pili ni Elinaza, mchomelea vyuma. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alikuwa na gurudumu lenye mota ndani yake, aliloletewa na shemeji yake kutoka Arusha, na kwa miaka miwili lilikaa uvunguni mwa kitanda bila kazi. Siku alipoiona betri ya Mbonea, alilitoa. Akakata mabomba, akachomelea, akapiga msasa, mpaka ikasimama baiskeli ya umeme ambayo Kighonda haikuwahi kuiona.

Wa tatu ni Bibi Nakijwa, mjane wa miaka sabini na miwili. Yeye alikuwa na jua. Mwanawe alimfungia paneli sita juu ya bati ili apate taa na friji, lakini kila betri ilipohitaji chaji, Bibi aliizima friji, maziwa yakachacha, akayanywa hivyo hivyo. Mwaka mzima alifanya hivyo na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Tena alijifunza kuiendesha baiskeli hiyo mwenyewe, kanga kaikaza kiunoni, na waliocheka aliwapita akiwapigia kengele.

Wakakubaliana: kila mmoja siku mbili kwa juma. Jumapili haikuwa ya mtu. Siku hiyo baiskeli ilipumzika kwenye banda nyuma ya nyumba ya Bibi, na Mbonea akaipima betri.

Sasa ikaja mvua ya siku tisa. Mlima ukaporomoka, ukaangusha nguzo za umeme na kuikata barabara ya magari. Bodaboda zikakaa bila petroli. Jua halikuonekana, na paneli za Bibi zikawa hazitoi umeme zaidi ya wa kuwasha taa moja. Watu wakasema tungoje tu. Na wangengoja kweli, kama si ile Jumapili.

Saa moja asubuhi simu ya Mbonea ililia. Alikuwa mjomba wake, Kirangi, aliyekuwa akimtunza mama yake Mbonea kule juu Kilambo.

"Mbonea, umekaa?"

"Kuna nini, Mjomba?"

"Mama yako ameamka na akili zake. Ameniita jina langu. Ameomba uji, akasema hauna sukari. Halafu ameniuliza, 'Mbonea wangu mbona haji?'"

Mama yake Mbonea, Nankondo, alikuwa amepotelewa na kumbukumbu. Kwa miaka miwili hakumtambua mtu, isipokuwa asubuhi moja tu. Mara ya mwisho Mbonea alipokwenda, mama alimpokea vizuri kama mgeni, akamkaribisha kiti, akamuuliza, "Wewe ni binti wa nani?" Mbonea akajibu, "Wa Nankondo." Mama akafikiri, akatikisa kichwa. "Simfahamu," akasema.

"Mpe simu, Mjomba."

"Nimempa, ameirudisha. Anasema sauti haina uso. Anataka uje." Kisha mjomba akashusha sauti. "Njoo upesi, mwanangu. Mara ile nyingine ilidumu asubuhi moja tu. Mchana alikuwa ameshaondoka tena."

Mara ile nyingine Mbonea aliambiwa jioni. Alilia mpaka akaumwa kichwa, si kwa kusahauliwa, bali kwa kukumbukwa akiwa hayupo.

Alikimbia bandani na kipimo chake mfukoni. Kwenye usukani wa baiskeli kulikuwa na vitaa vinne vya chaji, na vitatu viliwaka. Mwingine angefurahi akaondoka. Mbonea alivijua vitaa vile: betri ikipumzika hukupa matumaini, ukifika mlimani vinazimika vyote kwa pamoja. Akafungua kifuniko, akageuza kitufe cha kipimo, akagusa mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Thelathini na sita na nukta nne. Betri hiyo ikishiba ilifika volti arobaini na mbili. Ikishuka thelathini na mbili, imekwisha.

Hakutosheka. Akainua gurudumu la nyuma, akawasha mota huku amebana breki, ili gurudumu lipate taabu kama linavyoipata kwenye mwinuko, na macho yake hayakutoka kwenye kioo. Namba ikaporomoka, ikasita, ikasimama kwenye thelathini na nne. Akaachia. Akapiga hesabu kichwani mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile. Chaji ya mlima mmoja, kwa mtu mmoja. Haikutosha kubeba wawili, wala kupanda mara ya pili.

Alikuwa anarudisha kifuniko aliposikia hatua kwenye tope. Elinaza alisimama mlangoni amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kola imefungwa hadi juu. Mbonea hakuwahi kumwona hivyo.

"Dada Mbonea, afadhali nimekukuta. Kipimo kinasemaje?"

Ni Mbonea peke yake aliyeweza kuisoma namba ile na kujua maana yake. Hilo alilijua, na kwa mara ya kwanza maishani alilijua kwa ubaya. Akakizima kioo.

"Thelathini na mbili," akasema. "Haifiki hata kona ya kwanza."

Elinaza hakubisha. Kwa nini abishe? Mbonea hakuwahi kumdanganya mtu. Akaketi juu ya jiwe la kufulia, akafungua kifungo cha kola, akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kubonyeza kitu.

"Nitamwambia nini?" akasema, kama anayeongea na magoti yake. "Sababu zangu amezisikia za kutosha."

"Nani?"

"Nakunda."

Nakunda alikuwa binti yake. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipoondoka naye, na wakati huo Elinaza alikuwa mtu wa pombe. Pombe aliiacha, lakini binti hakurudi. Miaka sita Elinaza alituma salamu, miaka sita hakujibiwa. "Na leo alfajiri amenitumia ujumbe," akasema. "Yuko Shaghani kwa shangazi yake. Saa tano gari linawapeleka yeye na mama yake Dar es Salaam, wanahamia huko. Ameandika, 'Baba, ukitaka kuniona, njoo.' Maneno manne, dada. Nimeyasoma mpaka simu imekaribia kuzima."

Mbonea alitazama ile kola iliyofunguliwa. Akatazama kipimo mkononi mwake. Maneno yakatoka yenyewe.

"Kaka Elinaza, nimekudanganya. Ni thelathini na sita na nukta nne. Inapanda mlima mmoja."

Elinaza aliinuka polepole. "Umenidanganya? Wewe?"

"Mama yangu ameniita kwa jina."

Kisha hasira ikampanda mwanamume. "Baiskeli ni mikono yangu hii! Bila mimi ungekuwa na sanduku la seli tu!"

"Na bila mimi ungekuwa na gurudumu uvunguni!"

"Na jua?" sauti ikauliza kutoka nje. "Jua ni la nani?"

Alikuwa Bibi Nakijwa. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, kofia ngumu kichwani, na mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa leso. Wakamwamkia kwa aibu. "Marahaba," akaitikia, akaingia, akaweka kifurushi juu ya tandiko la baiskeli kama mtu aliyekwishaamua.

"Ninaenda Mbore," akasema. "Mdogo wangu Namsifu yuko kanisani pale, amekuja na kwaya kutoka Ndola. Aliolewa kule Zambia, na tangu hapo ni miaka thelathini na mmoja. Basi lao linaondoka saa sita. Njia ya magari ya kushuka huku imekatika, na miguu yake ni mibovu kuliko yangu." Akavuta pumzi. "Tulilala kitanda kimoja tangu utoto mpaka siku ya harusi yake, mgongo kwa mgongo. Mpaka leo nalala upande mmoja, ule mwingine nauacha. Sasa niambieni, nyie mnaopiga kelele bandani kwangu, mnakwenda wapi?"

Wakamwambia. Mbonea akaeleza pia ule uongo wake, hakuficha. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akakitoa kifurushi juu ya tandiko.

Wakatafuta njia. Elinaza akauliza kama baiskeli haiwezi kuchukua wawili; Mbonea akasema mota itakufa katikati ya mwinuko, na hata ingeweza, milima ile mitatu, wa Kilambo, wa Shaghani na wa Mbore, imepeana visogo. Wakafikiria miguu. Kwa tope lile, popote walipotaka kwenda ni mwendo wa saa tano, na Bibi asingemaliza hata saa moja. Wakatoka nje kutazama mbingu. Zilikuwa za kijivu, zimekaa chini, juu ya mapaa.

Na hapo, jamani, ndipo ugomvi ulipogeuka.

"Nenda wewe, Elinaza," Bibi akasema. "Mtoto aliyenyamaza miaka sita akiita mara moja akakosa mtu, hatakuita tena."

"Hapana, Bibi," Elinaza akasema. "Nakunda ana miaka kumi na mitano. Huenda siku moja akanisamehe na hili. Wewe na mdogo wako mtangoja mpaka lini? Au aende Mbonea. Mama yule kesho hatakuwa na habari kwamba ana mtoto."

Wote wawili wakamgeukia Mbonea, maana ilikuwa zamu yake ya kusema nenda wewe. Akafungua kinywa. Simu yake ikalia. Ilikuwa Mjomba Kirangi tena. "Bado yuko nasi," akasema. "Ameketi mlangoni, anauliza kila anayepita kama ni wewe."

Mbonea akaishusha simu.

"Sitawadanganya mara ya pili," akasema, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kwenda. Nikisema nenda wewe, mjue ni mdomo tu." Akachomoa ufunguo wa betri, akauweka juu ya tandiko, akarudi nyuma hatua mbili. "Lakini siuchukui mwenyewe."

Ilikuwa saa mbili na robo.

Walisimama pale, watu watatu na ufunguo mmoja, kila mmoja akimtazama mwenzake. Kisha wakasemezana kwa sauti ndogo, na neno likapatikana. Mmoja alipanda baiskeli. Wawili hawakubaki bandani. Walikunja nguo zao, wakaingia kwenye tope, wakashika nyuma ya tandiko, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakasukuma kwa nguvu zote walizokuwa nazo mpaka kona ya kwanza, ili betri isipoteze hata kidogo pale penye mwinuko mkali. Hata kama mmoja wa wasukumaji alikuwa na miaka sabini na miwili, alisukuma. Hata kama ni yule wa shati jeupe, alisukuma. Hata kama ni yule ambaye mama yake alikuwa akimngoja mlangoni, alisukuma. Kisha wakasimama wakihema, wakaisikia sauti ya mota ikipungua, ikipungua, mpaka ikamezwa na ukungu.

Ni nani aliyekuwa juu ya baiskeli? Mimi najua, lakini nikiwaambia mtaacha kufikiri. Bila seli za Mbonea hapakuwa na nguvu. Bila mikono ya Elinaza hapakuwa na cha kupanda. Bila jua la Bibi Nakijwa hapakuwa na chaji ya kupima. Mbonea alidanganya, kisha akakiri wakati hakuna aliyemlazimisha: je, hilo linampunguzia au linamwongezea? Binti aliyeita mara moja, dada aliyesubiriwa miaka thelathini na mmoja, mama aliyekumbuka kwa asubuhi moja: nani kati yao angeachwa aitazame njia tupu?

Haya, ninyi mlioketi hapa, tuanze na wewe uliye karibu na mlango. Kama ungekuwa bandani asubuhi ile, ufunguo ungempa nani? Na ukishampa, wale wawili ungewatazamaje usoni?