Bibi Teura na Minazi Iliyokatwa Vichwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kisiwa, chembamba kama ukucha, katikati ya bahari isiyo na ng'ambo. Nyamazeni, wanangu. Fungueni masikio, na mioyo pia.

Hapo zamani za kale, mbali upande wa macheo, palikuwa na kijiji juu ya kisiwa hicho. Hapakuwa na mlima wala kilima. Palikuwa na mchanga, watu na minazi. Desturi yao ilikuwa hii: mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa pamoja na nazi inayochipua. Mnazi ukiota, ni ndugu yake. Kuukata ni mwiko. "Aliyekatiwa mnazi," walisema, "amekatwa yeye."

Mkubwa wa kijiji alikuwa mwanamke mzee, Bibi Teura. Alizaa mwana mmoja. Bahari ikamchukua, hata kaburi asiachiwe. Aliachiwa mnazi wa mwanawe tu. Kila alfajiri aliweka kiganja juu ya shina lake, akamshukuru Mwenyezi Mungu, ndipo akanywa maji.

Siku moja aliweka kiganja, na shina likatetemeka, ilhali upepo haukuwapo. Akatazama. Ndege wa baharini wamehama. Kaa wanakwea minazi: kwaru, kwaru, kwaru. Mawimbi yanakuja makubwa, polepole: du... du... du... Bibi Teura akajua. Utotoni mwake aliiona tufani ya namna hiyo. Waliopona siku ile walikuwa wameshikilia minazi iliyokwisha kuvunjika vilele.

Akapuliza baragumu. Watu wakakusanyika.

"Kateni vichwa vya minazi," akasema. "Acheni mashina, tujifunge hapo. Upepo hukamata makuti. Kilichoinamisha kiburi chake, hukipita."

Zogo likazuka. Manua, baba wa binti mmoja aitwaye Marama, akaangua kicheko.

"Bibi, jua limekuchoma utosi? Niukate mnazi wa Marama? Haya, kama ni kukata, anza na wako!"

Kila mtu alijua ule mnazi ulikuwa nani: mwanawe wa pekee.

Bibi Teura alitamani kumlaani. Badala yake akachukua shoka, akatia kitanzi miguuni, akakwea.

"Bibi, shuka! Utaanguka!"

"Nikianguka mimi nitapata mchanga. Nyinyi msipokata mtapata maji!"

Huko juu akayakumbatia makuti, kama mama anavyompokea mwana aliyerudi safari. "Mwanangu," akanong'ona, "mimi sikuweza kukuokoa. Waokoe hawa."

Ko! Ko! Ko! Kilele kikaanguka: puu!

Watu wakalia. Kisha wakakwea. Ko! Ko! Ko! kisiwa kizima. Nazi zilizoanguka zikatiwa nyavuni, nyavu zikafungwa mashinani. Watu wa kila nyumba wakajifunga mashinani kwa kamba za usumba wa nazi. Manua peke yake akamfunga Marama kwenye mnazi wenye makuti yake yote.

Adhuhuri ikageuka kiza. Tufani ikaja. Vuuu! Vuuu! Nyumba zikapeperuka kama makapi. Bahari, ambayo Muumba aliiwekea mpaka, siku ile ikauvuka. Mnazi wa Marama ukainama, ukainuka, ukainama, ukalia: kraa!

"Bibi!" Manua akapiga ukelele. "Bibi Teura, mtoto wangu!"

"Mfungue, ewe mwenye shingo ngumu! Mlete kwangu! Shika hii!"

Bibi akafungua mzunguko mmoja wa kamba iliyomshika yeye mwenyewe kiunoni, akaurusha. Manua akaudaka. Maji kifuani, mtoto mabegani, akajivuta, akajivuta. Nyuma yake mnazi ukang'oka, ukaenda na maji. Bibi Teura akamfunga Marama kati ya kifua chake na shina la mwanawe.

"Bibi, nilikucheka," Manua akalia.

"Ulinicheka, na ulikosa. Kaza fundo. Utalia kesho."

Vuuu! Vuuu! Mashina yalitikisika, hayakuvunjika.

Kulipopambazuka, hapakuwa na paa wala kuti. Bibi Teura akapuliza baragumu, akaita majina, nyumba baada ya nyumba.

"Nipo!" "Nipo, Bibi!" "Sisi sote tupo!"

Hakuna jina lililokosa sauti. La mwisho likaitika kifuani pake: "Mimi nipo, Bibi. Na njaa ninayo."

Kisiwa kizima kikacheka. Kikacheka, kikalia, kikaimba, kikamtukuza Mungu, na mashina yale yasiyo na vichwa yakasimama kama mashujaa waliovua kofia. Kisha nyavu zikafunguliwa. Wakanywa madafu, nazi zilizokomaa wakazipanda. Ile iliyotoka kwenye mnazi wa mwanawe, Bibi Teura akampa Marama. "Ndugu yako alikwenda na maji," akasema. "Huyu hapa mwingine. Mlee."

Bibi alikwisha kufa zamani. Lakini tangu siku ile, mtoto akizaliwa katika kisiwa kile, hupandiwa mnazi, na mama yake huonyeshwa shoka, akaambiwa, "Upende. Na siku ya tufani, ukate."

Wanangu, kipendwacho hadi kisitolewe kitatuzamisha. Kilichotolewa kwa machozi kitatushika tusichukuliwe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Fundo nimelifunga, kulikaza ni kazi yenu.