Ghala la Shomari

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, siku ya tatu tangu vuli ianze, asubuhi, hondohondo wawili, wale ndege wenye midomo mikubwa, walihamia mtaa wa Mivule. Mume aliitwa Shomari. Mke aliitwa Mkasi. Walikuwa wameoana miezi mitatu. Mti waliokuwa wakikaa mwanzo uliangushwa na upepo, wakatafuta mwingine. Wakapata tundu katika mvule, juu, linalotazama bonde. Mkasi akaingia, akageuka, akatoa kichwa nje.

"Panatosha," alisema. "Mimi, mayai, na nafasi ya kugeuka."

"Basi tumefika," alisema Shomari.

Sasa sikilizeni desturi ya hondohondo, maana bila hiyo hamtaelewa. Hondohondo jike akitaka kutaga huingia tunduni, na mlango huzibwa kwa udongo. Dume huleta udongo, jike hukandika kutoka ndani. Papa! Papa! Papa! Unabaki ufa mmoja, upana wa mdomo. Nyoka hapiti. Kenge hapiti. Humo ndani jike hupukutika manyoya yote ya mbawa, akawa hawezi kuruka. Hula anacholetewa na mumewe, basi. Mume akichelewa, mke hungoja. Mume asipokuja, mke hali.

Mkasi aliyajua hayo yote alipoingia. Mama yake alizibiwa, bibi yake alizibiwa. Wote walitoka wakiwa wanene.

Siku ya pili Shomari alikuwa amening'inia mlangoni, udongo mdomoni. Tawi la juu likatikisika. Kwacha! Akatokea Bi Kima, jirani wa mti wa pili.

"Haa! Bwana mgeni! Hata hodi hupigi, unakandika tu? Unajenga jela?"

Kindi wa tawi la chini akacheka. Watoto wa Bi Kima wakacheka. Pale Mivule hakuna aliyeziba mlango. Watu waliingiliana mchana kutwa.

Shomari akatema udongo.

"Aa, ni ghala tu, Bi Kima. Ghala la chakula."

"Na wewe unalala wapi?"

"Hapa nje, tawini."

"Peke yako?"

"Kwa sasa."

Mkasi alikuwa ndani, ameshika donge la mwisho la udongo. Alisikia kila neno. Akangoja mpaka Kima aondoke.

"Shomari, mbona umesema ghala?"

"Wanacheka, mke wangu. Watuzoee kwanza. Nitawaambia."

"Lini?"

"Wakituzoea."

Mkasi akalitazama lile donge. Akalitazama tena. Kisha akalikandika. Papa! Ukabaki ufa.

Siku ya nne manyoya ya mbawa yakadondoka. Siku ya saba akataga mayai mawili.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Shomari alifuata makuyu ng'ambo ya bonde, akarudi ameyajaza kooni. Mkasi alimjua kwa mlio wa mbawa. Vuu! Vuu! Vuu! Bila kusimama, mpaka kwenye ufa. Akapitisha kuyu moja, akapitisha la pili, akapitisha mpaka kumi na mawili. Mkasi akala, akashiba, akalalia mayai.

Ndipo mjumbe wa mtaa alipomwita Shomari. Mjumbe alikuwa Perere, mnyama mdogo mwenye sauti kubwa.

"Kijana, nimekuona. Unapita juu ya vichwa vyetu na koo limejaa. Hapa Mivule mgeni hapiti na chakula bila kubisha hodi. Anabisha, anaonjesha, anapita. Hatukulazimishi. Tunakuambia tu."

"Nimekosa, mzee wangu. Sikujua."

Kuanzia siku hiyo Mkasi alisikia mlio mwingine. Vuu! Vuu! Kimya. Hapo ni kwa Perere. Vuu! Kimya. Hapo ni kwa Bi Kima. Vuu! Kimya. Hapo ni kwa Kindi. Halafu vuu ya mwisho, na mdomo wa Shomari kwenye ufa. Makuyu sita. Siku nyingine manne.

"Shomari, makuyu yamekwisha mtini?"

"Yapo. Nimeonjesha majirani."

"Majirani wana miguu. Wana mikono. Mkuyu wanaujua ulipo."

"Sisi wageni, Mkasi. Lazima tuishi na watu."

"Na mimi si mtu?"

"Wewe ni wa nyumbani."

Mayai yakaanguliwa. Makinda wawili, uchi, midomo wazi. Mkasi akawa hali ili wale wao. Kila jua lilipofika utosini na mbawa hazisikiki, alitoa mdomo kwenye ufa, akaimba. Nanyi niitikieni "niletee":

Shomari wee! Niletee!
Mlango udongo! Niletee!
Mbawa sina! Niletee!
Wana wawili! Niletee!

Bi Kima aliusikia wimbo. Akamuuliza Shomari, "Ghala lako linaimba?"

"Ni upepo," alisema Shomari. "Kuna ufa pale."

Siku ya tano tangu kuanguliwa, kinda mdogo alikufa. Shomari alipofika na makuyu matatu, Mkasi hakupokea.

"Mdogo amekufa," alisema.

Shomari akaegemeza kichwa kwenye ukuta wa udongo. Akalia. Mkasi alimsikia akilia, naye akalia upande wake.

Kesho yake Shomari alikuja moja kwa moja. Vuu! Vuu! Vuu! Makuyu kumi na mawili, na panzi juu yake. Mkasi akamlisha kinda aliyebaki mpaka akasinzia. Akala na yeye. Akasema moyoni, sasa ameelewa.

Siku iliyofuata Bi Kima alikaa njiani.

"We Shomari! Jana umetupita kama visiki! Umeshaanza maringo?"

"Hapana, Bi Kima! Hapana kabisa. Jana nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nani? Huna mke, huna mtoto."

Mkasi akatega sikio. Vuu! Kimya. Vuu! Kimya. Vuu! Kimya.

Makuyu mawili. Kesho yake moja.

Siku ya arobaini na tano tangu wahamie, alasiri, Perere aliitisha baraza chini ya ule mvule. Kila mtu alileta chakula. Kindi alileta karanga tano. Bi Kima alileta maembe sita, moja limeumwa. Shomari alileta makuyu, lundo zima, yakatandazwa juu ya jani la mgomba. Mkasi aliliona lundo kutoka kwenye ufa. Kinda naye alisikia harufu, akafungua mdomo.

Perere akasimama.

"Ndugu zangu, tumepata wageni wengi hapa. Wengine tuliwafukuza, mnakumbuka. Lakini huyu kijana! Hana mke, hana mtoto, angeweza kula peke yake. Hakula peke yake."

"Tumtafutie mchumba!" alisema Bi Kima. "Kuna mtu namjua, ana mdomo mzuri huyo!"

Watu wakacheka. Mkasi alikuwa amebana jicho kwenye ufa. Alimwona Shomari amekaa katikati, mahali pa heshima. Atasema sasa, aliwaza. Asiposema sasa, hasemi tena.

Shomari naye akacheka.

"Kwa! kwa! kwa! Haya, Bi Kima. Mtafute basi."

Mkasi akaondoa jicho kwenye ufa. Kinda alikuwa amelala ubavu, mdomo bado wazi. Mkasi akageukia ukuta. Go! Go! Go! Akagonga kwa mdomo. Udongo ulikuwa umekauka kama tofali. Go! Go! Go! Kipande kikaanguka. Kikamwangukia Perere mgongoni.

"Shomari! Ghala lako linabomoka!"

Shomari hakuinua kichwa. Yeye peke yake hakuinua.

Go! Go! Kikatoka kichwa. Ikatoka shingo. Kikatoka kiwiliwili chenye mbawa zisizo na manyoya. Mkasi akashika gamba la mti kwa kucha, akateleza, akashika, akateleza. Tii! Akaanguka mbele ya baraza.

"Huyu nani?" aliuliza Perere.

"Mimi ndiye ghala," alisema Mkasi.

Hakuna aliyecheka.

"Nimeingia mle siku tuliyohamia. Nimezaa wawili. Mmoja ameshakufa. Wa pili yuko juu. Hicho mnachokula ni chakula chake."

Bi Kima akatema kuyu alilokuwa nalo mdomoni.

"Mungu wangu! Dada, tungejua tungeleta sisi wenyewe."

"Hamkuambiwa," alisema Mkasi. "Lakini kuimba mlisikia."

Bi Kima akachukua kuyu moja kutoka kwenye lundo, akapanda mbio. Baraza zima likatazama juu. Alikaa huko muda. Aliposhuka, kuyu lilikuwa bado mkononi. Akaliweka chini, akakaa. "Na wa pili amekufa," alisema.

Shomari akasogea.

"Mkasi, mke wangu. Turudi juu. Nitaleta udongo mpya. Tuanze upya."

"Nani atakaa ndani?" aliuliza Mkasi.

Mkasi akasimama, akajipangusa udongo, akashika njia ya bondeni kwa miguu. Watu wakampisha.

Shomari alibaki Mivule. Kesho yake alileta makuyu kama kawaida. Akabisha kwa Perere. Perere akasema ana kazi. Akabisha kwa Bi Kima. Bi Kima akasema ameshiba. Akaenda kwa Kindi, akakuta Kindi ameziba mlango kwa majani.

Funzo ni hili, wakubwa na wadogo. Ukihamia mtaa mpya, anza na yule uliyehama naye. Mgeni anayemficha mwenzake ili majirani wampende, huwapa kitu kisicho chake, na siku wakijua hawamtaki. Na aliyekubali kufungiwa kwa kukuamini, chakula chake usikigawe.

Kuhusu Mkasi, ninalolijua ni moja. Siku ya kumi na mbili baada ya baraza, kanga walimwona ng'ambo ya kijito. Manyoya ya mbawa yalikuwa hayajaota. Alikuwa anatembea.

Hadithi yangu imekomea hapo alipoonekana.