Ubao Usiofutwa

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu ambaye kuimba kulimpiga chenga tangu utoto. Na kumbe rafiki yake wa kufa na kuzikana pale shuleni alikuwa mwalimu wa muziki! Huyo alipenda muziki, lakini kufundisha alikupenda zaidi. Aliandika ubaoni mstari mmoja wa wimbo, watoto wakauimba mpaka wakaushika, ndipo akaufuta na kuandika mwingine.

Siku moja aliandika mstari, kengele ikalia, akaenda zake nyumbani. Hakurudi tena. Presha ilimchukua.

Mwalimu wa hesabu alilia msibani mpaka watu wakamshika. Aliporudi shuleni akaukuta ule mwandiko ubaoni. Akasema, "Huu haufutwi." Akalitia darasa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Mwalimu mpya wa muziki alipofika na kuomba chumba, akajibiwa, "Mwenzangu, pale ni pa marehemu. Tumieni stoo." Stoo yenyewe imejaa majembe na madawati mabovu! Watoto wakaacha muziki mmoja mmoja. Mnacheka? Haya, chekeni kwanza.

Mwaka ukatimia, kumbukumbu ikaandaliwa, mjane akaalikwa. Mwalimu wa hesabu akafungua lile darasa kwa heshima zote. "Haya wanangu, mwimbieni mwalimu wenu wimbo wake."

Watoto wakauimba ule mstari. Wakaurudia. Wakanyamaza.

"Endeleeni basi!"

"Hatuujui mbele, mwalimu. Tuliishia hapo."

Mjane akainuka, akachukua dasta. Yule mwalimu akaruka kumzuia. "Shemeji, nakuomba! Sina kingine cha mkono wake."

"Najua ulimpenda, shemeji," akasema yule mama. "Lakini mume wangu alikuwa akirudi nyumbani na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alifuta kila siku ili watoto wasonge mbele. Wewe umeutunza mstari, watoto wamekosa wimbo." Akamkabidhi dasta.

Alifuta mwenyewe, huku analia, maana ilimuuma kwelikweli. Kisha akampa mwalimu mpya ufunguo. Na kipindi kilichofuata, mtu mzima yule alikaa dawati la mbele pamoja na watoto, akaanza kujifunza kuimba na do, re, mi.

Sasa tuje kwetu sisi. Akifa mwenzetu tunashona sare, tunachapisha fulana zenye sura yake. Si vibaya. Lakini kazi aliyoipenda, nani kati yetu anaishika? Yule mama wa hapa kanisani kwetu aliyewafundisha watoto wetu nyimbo kila Jumapili, tulimzika kwa mashada mpaka kaburi halikuonekana. Kiti chake tumekifunga kitambaa cheupe, na chumba chake tumekitia kufuli. Tulieni kidogo msikilize huko nje. Mnasikia makelele hayo? Ndio wale watoto wake, wanacheza mpira saa ya kipindi chake, nasi tumekaa humu tunamkumbuka.

Ufunguo wa kile chumba nimeuweka hapa mezani. Nani anakuja kuuchukua?