Kiraka cha Nyamafu

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi mja mwema akiitwa Ukba bin Nufeili, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi kuukuu. Matandiko yaliyopasuka, majalada ya misahafu yaliyoliwa na mende, mikoba iliyokauka kwa kutupwa juani, vyote vilipita mikononi mwake vikarudi kwa wenyewe vikiwa laini. Aliifuta ngozi vumbi, akaianika kivulini, akaipaka samli kidogo kidogo mpaka ikainywa. Watu walimwamini, naye alikuwa anastahili.

Siku moja rafiki yake Jundubu, mwadhini wa msikiti, alimletea kiriba kilichotoboka. Kilikuwa cha mama yake mzazi, na ndicho Jundubu alichotekea maji ya kutawadhia waumini, kwani kisima kilikuwa mbali bondeni. Ukba akakilainisha, kisha akatafuta kipande cha kutia kiraka. Kwenye kamba zilining'inia ngozi mbili. Moja alikwisha kuidabighi, yaani kuilowesha kwa magome makali hadi ikatakasika. Ya pili ilikuwa ya kondoo wake aliyekufa pasipo kuchinjwa, imetiwa chumvi na kuanikwa tu, ikingoja magome. Zote zilikuwa kavu na ngumu, na yeye siku hiyo alikuwa amefunga na kichwa kinamgonga. Akakata ya nyamafu bila kujua.

Zikapita siku nyingi. Katika siku hizo mama yake Jundubu akafariki, na maji ya kumwoshea yakatekwa kwa kiriba kile kile. Ukba mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Baadaye ndipo alipoilowesha ile ngozi aliyodhani amekwisha kuidabighi, na harufu ya mzoga ikamjaa puani. Ngozi iliyodabighiwa hainuki hata ukiitia majini. Akaigeuza, akaona pembeni pengo la kiraka alichokata kwa mkono wake. Maji machache yakigusa najisi yamenajisika, na aliyetawadha kwa maji hayo hana swala. Na yule bibi je, aliyelazwa kaburini?

Mkewe, Bibi Lubaba, alipoambiwa alilia kwanza, kisha akasema, "Bwana, wewe hukukusudia, na Mola ni mwenye kusamehe. Kichukue kiriba, utie kiraka kingine, unyamaze. Ukisema, nani atakuletea tena ngozi? Na Jundubu utamwambia nini? Mwache na msiba wake, usimwongezee."

Maneno yale yalikuwa matamu, na Ukba aliyafuata. Nawaambieni ili msidhani waja wema hawakuteleza. Akakiomba kiriba kwa kisingizio cha kukipaka samli, akafumua kiraka, akakitakasa kiriba ndani na nje, akashona kiraka safi, akakirudisha. Jundubu akakipapasa mshono, machozi yakimlengalenga.

"Mama alikipenda kiriba hiki," akasema. "Nyanyua mikono, ndugu yangu, nikuombee." Akaomba, "Ewe Mola, mtakase Ukba kama alivyoyatakasa maji yetu."

Ukba akafumbua kinywa aitikie amina, asiweze. Akaishusha mikono yake, akamweleza Jundubu yote, tangu zile ngozi mbili kambani hadi kisingizio cha samli.

Jundubu akautazama tena ule mshono.

"Maji ya mama niliyateka mimi," akasema.

"Najua."

"Na leo ulikuja kunificha."

"Nilikuja kukuficha."

"Basi nenda ukawaambie watu. Swala zao si mali yangu wala yako."

Baada ya Alasiri Ukba akasimama mbele ya waumini, akasema. Wapo waliomlaani. Mmoja akamtupia kiatu. Imamu akawanyamazisha, akaamuru kila mtu azilipe swala zake, naye akawa wa kwanza kuanza. Kisha wakaenda makaburini wakamswalia upya mama yake Jundubu, kwani kumfukua hakukuwezekana tena. Jundubu alisimama karibu na kaburi, Ukba safu ya mwisho. Walipomaliza, Ukba alimnyoshea mkono, na Jundubu akampita.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa mji ule aliyempelekea hata kamba ya kiatu. Aliishi kwa matandiko ya wasafiri wasiojua habari zake. Miaka yote iliyobaki aliswali msikiti ule ule, nyuma ya adhana ya Jundubu, na kila alipomsalimu, Jundubu alimwitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu. Hakumwongezea neno jingine mpaka Ukba akafa.

Ndugu zangu, wapo wanaowahadithia watu kwamba msema kweli hulipwa papo hapo, hupata mali na heshima maradufu. Mimi siwezi kuwadanganya hivyo. Ukba alisema kweli akampoteza rafiki yake, na uchungu ule alikwenda nao kaburini. Alichokipata ni kwamba watu walizilipa swala zao, na kwamba aliweza tena kusema amina. Mola amrehemu, na amrehemu Jundubu pia, kwani naye alikuwa na haki ya kuumia.