Usilipime Paa Limelala

Usilipime paa limelala. Mmelisikia neno hili kwa seremala, mkacheka, sasa mwataka kujua lilikotoka. Haya, wajukuu zangu, kitendawili kwanza! Nyumba yangu ikitembea huinama, ikisimama huinuka. Mmeshindwa? Nipeni mji! Basi, ni gari la kulala, lile ambalo paa lake husukumwa juu, na pengo linalofunguka pembeni huzibwa kwa wavu wa kuzuia mbu.

Methali hii ilianza hivi. Bura wa Mto wa Mbu alikuwa na gari la namna hiyo, kuukuu, wavu umechanika hata popo angepita. Alitamani kumpeleka mama mkwe wake, Bi Tekla, akaone ziwa. Lakini Bi Tekla hakuwa na imani naye. Kila walipokutana, Bura aliinamisha kichwa kwa adabu, akajibu, "Ndiyo, mama," basi.

"Umeolewa na gogo," Bi Tekla alimwambia binti yake, Fabiola. "Nakuja kuwasalimu tu. Porini siendi na mtu asiyeweza hata kufukuza inzi."

Bura akaamua mkwe aukute wavu mpya. Akang'oa ule wa zamani, akautia motoni. Akapima paa likiwa limefungwa, maana hapo alilifikia bila taabu. Akakata, akashona, akapigilia. Wavu ukakaza kama ngozi ya ngoma.

Bi Tekla akashuka kwenye bajaji. "Haya, tuione hiyo nyumba."

Bura akalisukuma paa juu. Chwaaa! Wavu ukaachia pande zote, ukamwangukia kichwani kama shela.

Bi Tekla akaangua kicheko. "Bibi harusi huyo! Bwana harusi yuko wapi?"

"Amekimbia, mama," sauti ikatoka ndani ya wavu. "Amesikia mkwe amefika!"

Fabiola akashika mdomo. Mkwe hajibiwi hivyo! Lakini Bi Tekla alicheka mpaka akajishikiza mlangoni.

"Kumbe una mdomo! Acha paa lisimame hivyo hivyo, baba. Nipe ncha ya futi."

Wakapima upya, wakaongeza kitambaa, wakashona pamoja wakitaniana hata chai ikapoa. Walipomaliza, Bi Tekla akaupapasa wavu, akamgeukia Bura.

"Mwanangu, wewe umelipima paa limelala. Na mimi nilikupima umeinama. Haya, kesho tunaondoka saa ngapi?"

Ndiyo maana huko kwao, mtu akimdharau mnyamavu, huambiwa: usilipime paa limelala.