Mshika Magurudumu

Sogeeni karibu, hadithi imefika. Mwenye usingizi anawe uso.

Huko Ufini, nchi ya baridi kali, palikuwa na watu watatu waliocheza mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Jiwe lenyewe ni zito kama mtoto wa miaka mitano, nalo hulengwa katikati ya duara lililochorwa upande wa pili.

Raili alijaliwa macho. Akiitazama barafu, alijua jiwe litapinda wapi.

Armas alijaliwa mkono. Alisukuma jiwe kwa fimbo ndefu bila kutetemeka.

Tuulikki, basi, alijaliwa kushika. Alikaa nyuma ya Armas akakamata magurudumu ya kiti chake, kisirudi nyuma jiwe likisukumwa. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane, na picha za magazetini zilimwonyesha kiwiko tu. Sasa bega lake la kulia lilikuwa limechakaa. Asubuhi hakuweza kuinua birika la kahawa. Daktari alimpa msimu mmoja, naye alitaka kitu kimoja: kuchezea timu ya taifa hata mara moja, kabla mwili haujamkatalia kabisa.

Ikaja fainali. Timu zikalingana, likabaki jiwe la mwisho.

"Lenga fimbo yangu!" Raili alipaza sauti kutoka upande wa pili, ameisimamisha fimbo yake juu ya barafu iwe alama.

"Mbona ni mbali na katikati, dada?" Armas akauliza.

"Wewe sukuma!"

Tuulikki akakamata magurudumu. Bega likamchoma, machozi yakamtoka, lakini hakuachia. Armas akasukuma. Katika mchezo huu wa viti hakuna wa kusugua barafu mbele ya jiwe. Likishatoka, kila mtu anakodoa macho tu. Likaenda polepole, likapinda, likatulia katikati. Wakashinda.

Kocha Hilkka akawaita chumbani.

"Timu ya taifa imetupa nafasi moja. Desturi yetu mnaijua: kila mmoja aandike jina. Mwenye kura mbili anakwenda. Zikigawanyika, nafasi wanapewa walioshika namba mbili."

Karatasi mbili zikafunguliwa. Raili aliandika Raili. Armas aliandika Armas.

Raili akamgeukia Tuulikki. "Ulipopata ajali, nani alikutoa kitandani akakuleta huku?"

"Ni wewe."

"Mimi bado kijana, dada Tuulikki," Armas akasema. "Na bega hilo litakufikisha wapi?"

Tuulikki akaitazama karatasi yake tupu. Hata akijiandika, hatakwenda, watakosa wote. Akapandwa na hasira, kisha uchovu ukaizidi hasira. Miaka yote hiyo amewashikilia wenzake wasirudi nyuma, na leo anaombwa awashikilie tena.

"Andika, mama, watu wanataka kufunga ukumbi," kocha akasema.

Kalamu akaichukua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukunyanyuka.

Haya, nyinyi mlionyamaza huko nyuma, nawaachia. Ampe Raili mwenye macho? Ampe Armas mwenye mkono? Au aandike jina lake mwenyewe, nafasi ipotee, lakini isomwe kwa sauti kwamba naye alikuwepo? Karatasi hiyo ingekuwa mkononi mwako, je, ungeandika nani?